TAHADHARI: Benzi ya oto ikichelewa kubadili gia, usikimbilie kushusha gia boksi

Wakuu, nimepigwa. Naandika hasira zikiwa bado za moto, wenye Benzi za zamani msikie.

Gari ni 300SE ya 1987, bodi ya W126, gia boksi 722.3 ya gia nne. Ilianza kung'ang'ania gia ya pili: injini inalia weee, halafu inaingia ya tatu kwa kishindo hadi shingo inauma. Fundi niliyeelekezwa aliendesha mita kama mia mbili, akashuka anatikisa kichwa. "Bosi, boksi imekufa. Gia ya kwanza haipo kabisa, huoni inavyoondoka nzito?" Nikaamini. Kumbe ndivyo zilivyoundwa! Ukigusa mafuta kidogo zinaondoka na gia ya pili. Ya kwanza inakuja ukikanyaga kwa nguvu.

Akaniuzia boksi "mtumba safi wa Dubai", milioni 2.4 na ufundi wake. Ya kwangu akasema ni skrepa, ikabaki kwake. Siku ya kuchukua gari, ugonjwa uleule. "Itazoea, bosi." Wiki ya tatu ikaanza kuteleza, kitu ambacho boksi yangu haikuwahi kufanya.

Mzee mmoja wa Benzi, wa zile enzi za mashangingi kutokuwepo, aliinama kwenye injini dakika kumi tu. Mpira wa vakyumu (ule mvuto wa hewa wa injini) unaokwenda kwenye modyuleta, kifaa kinachopanga presha ya gia boksi, ulikuwa umepasuka kwenye kiungo. Vakyumu ikikosekana, boksi inadhani umekanyaga mafuta mengi, inapandisha presha. Kishindo ndicho hicho. Na ule waya mwembamba unaotoka kwenye eksileta, unaoamua gia ibadilike mapema au kwa kuchelewa, ulikazwa kupita kiasi. Vyote viko nje ya boksi. Mpira elfu tano, waya ni kuulegeza kwa vidole.

Maana yake boksi yangu ilikuwa nzima, na sasa inatembea chini ya gari la mtu mwingine. Huo ndio mchezo wenyewe: faida kubwa haiko kwenye boksi wanayokuuzia, iko kwenye ile wanayobaki nayo.

Kabla hujakubali, injini ikiwa ya moto inaunguruma na gia ikiwa P, chomoa kijiti cha mafuta ya boksi unuse. Mekundu, hayanuki kuungua? Usiruhusu spana iguse. Kisha chomoa mpira pale modyuleta. Ukikuta umelowa mafuta mekundu ndani, na ekzosi inatoa moshi mweupe, modyuleta ndiyo imepasuka, hununui boksi. Na piga picha namba iliyogongwa kwenye ubavu wa boksi, inaanza na 722. Mimi sikupiga. Nilipokwenda kudai, jamaa alinipeleka nyuma ya gereji, kwenye boksi tano zimelala chini, akaniambia, "Chagua ya kwako."