Huduma ya kurefusha mkopo wa mshahara: nafuu yenye bei

Kwa mtumishi ambaye makato yanakaribia kula theluthi ya mshahara wa msingi isiyotakiwa kuguswa, huduma hii ya kuongeza muda wa kulipa deni inampa pumzi. Chukua deni la milioni 5, riba asilimia 17 kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani inakokotolewa kwa deni lililobaki tu. Kwa miezi 36, rejesho la kila mwezi ni kama 178,300. Kwa miezi 72, kama 111,200. Riba yote, hata hivyo, inapanda kutoka milioni 1.4 hadi 3. Mwezi wa kwanza, kati ya hiyo 111,200, riba inameza 70,833! Kabla ya kusaini dai ratiba ya marejesho, uliza ada na bima mpya, na faini ya kulipa mapema. Ikiwepo faini, mimi nisingerefusha.