Kichwa cha U30C chenye sauti: nilivyokirekebisha mpaka kikabeba mzigo

Kwa zaidi ya miaka 30 sikugusa treni ndogo za mfano. Seti yangu ya kwanza niliipata kwa mjomba aliporudi kutoka masomoni Ujerumani Mashariki. Ilikuwa saizi ya TT, yaani moja kwa 120 (ndogo mara 120 kuliko treni halisi), reli za upana wa milimita 12, vichwa viwili na mabehewa matano. Ukizungusha kitasa cha transfoma treni inakimbia, ukikirudisha inasimama. Nilipoondoka kwenda kusomea ufundi umeme, seti ilibaki Tukuyu kwa bibi, na mvua za Tukuyu mnazijua. Nilipoifuata, reli zilikuwa zimeliwa na kutu na mota zimeganda.

Kilichonirudisha ni kichwa kimoja. Nimekulia Iyunga. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya TAZARA hapa Mbeya, na baba mdogo alikuwa dereva. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kabla sijazaliwa. Kwetu sisi watoto wa Iyunga, TAZARA ilikuwa ni vile vichwa vya U30C, dizeli-umeme vilivyoanza kuja miaka ya 1980. Vikipasha moto alfajiri, vioo vya dirisha vilitetemeka na hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Mwaka jana nikaona U30C ya saizi ya HO, moja kwa 87, inauzwa ikiwa imeshatumika, na ndani yake kuna dikoda ya sauti, yaani bodi ndogo ya elektroniki inayopokea amri na kutoa sauti, LokSound 5 ya kampuni ya ESU. Rangi zake ni za reli ya Marekani, urefu wake karibu sentimita 24. Nikaagiza siku hiyohiyo.

Kwa aliyeacha mchezo huu zamani kama mimi, mambo yamebadilika hivi. Siku hizi reli inakuwa na umeme kamili muda wote, na umeme huohuo ndio unaobeba amri. Kila kichwa kina dikoda yenye anwani yake. Amri inapita relini kwa wote, lakini dikoda inatii ile tu iliyoandikiwa anwani yake, kwa hiyo vichwa viwili vinaweza kusimama kwenye reli moja, kimoja kikaondoka na kingine kikabaki kinaunguruma. Mfumo huu unaitwa DCC. Chanzo chake ni kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, kikaufanya kuwa kiwango cha pamoja. Ndiyo maana dikoda ya kampuni moja inaendeshwa na kituo cha amri, yaani kifaa kinachotuma amri relini, cha kampuni nyingine bila shida.

Kituo cha amri cha dukani sikununua. Nilijenga cha kwangu kwa DCC-EX, programu ya bure inayowekwa kwenye bodi ya Arduino Mega, juu yake ikakaa bodi ya kuendeshea mota. Vyote viwili vilitoka Kariakoo kwa basi. Umeme ni chaja ya laptopu ya zamani ya volti 15 niliyoipata kwa fundi mmoja Mwanjelwa. Zile za volti 19 zilizojaa kila mahali usizitumie, ni nyingi mno kwa HO. Na kama bodi yako ya mota ni ile ya kawaida ya Arduino, kuna njia nyembamba ya shaba inayounganisha umeme wa reli na Arduino yenyewe. Ikate kwa kisu kabla ya kuwasha chochote, maana volti zote hizo zitaingia kwenye Arduino. Usukani ni simu yangu, kupitia programu ya Engine Driver. Ilinichukua jioni mbili, na tangu nimalize haijawahi kuniangusha. Mtu yeyote anayejua kushika bisibisi na kusoma maelekezo kwa utulivu ningemwambia aanzie hapo.

Kichwa chenyewe ndicho kilichonipa kazi. Nilikiweka relini, nikabonyeza kitufe cha kuamsha injini, na sauti iliyotoka ilikuwa kali, nyembamba, ya kukwaruza, kama redio ya mfukoni iliyofunguliwa hadi mwisho. Mke wangu alitoka jikoni kuuliza ni mashine gani imewashwa. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimesubiri wiki saba. Nikafungua ganda la kichwa. Spika ilikuwa imebanduka kwenye kisanduku chake safarini, gundi imeachia upande mmoja. Hapo ndipo penye siri ya sauti ya treni ndogo. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na kama hakuna kisanduku kilichofungwa kabisa kuitenganisha hewa ya mbele na ya nyuma, mawimbi yanauana, na yanayokufa kwanza ni ya besi. Nilikata vipande vya plastiki ngumu, nikajenga kisanduku kipya, nikaziba kila pembe kwa gundi, hata tundu la waya. Sauti ikapata kifua. Usihangaike na namba yoyote kabla ya kuhakikisha kisanduku cha spika hakivuji hewa.

Baada ya hapo ndiyo zikaja CV. Hizi ni vijisanduku vya kumbukumbu ndani ya dikoda; kila kimoja kina namba yake, na ndani yake unaweka thamani. CV 1 ni anwani, nayo kutoka kiwandani huwa 3. CV 3 ni jinsi kichwa kinavyochukua mwendo, CV 4 jinsi kinavyoupoteza, CV 5 ni mwendo wa juu kabisa. Ili kuzisoma unakiweka kichwa kwenye kipande cha reli cha pembeni, na dikoda inajibu kwa kuivuta mota kidogo ili kituo kihisi umeme umeongezeka. Siku ya kwanza kila swali nililouliza lilirudi na -1, maana yake hakuna jibu. Nilidhani dikoda imekufa. Kumbe magurudumu yalikuwa na uchafu mweusi wa miaka mingi, na kituo changu kilikuwa kinasubiri ongezeko la miliampia 50 lisilofika. Nilisafisha magurudumu yote 12 kwa spiriti na kitambaa cha pamba, nikakishusha kiwango hicho hadi 30 kwa amri ya DCC-EX, majibu yakaanza kumiminika. Kwa vumbi letu la kiangazi, kazi hii ya kusafisha naifanya kila Jumamosi, pamoja na reli. Vumbi likikaa, sauti inakatika na kuanza upya katikati ya mwendo, jambo linaloharibu kila kitu.

Kuandika namba kwa simu kunachosha, kwa hiyo natumia programu ya JMRI kwenye laptopu, nayo inaongea na DCC-EX bila tabu. Inakuhifadhia namba zote kwenye faili. Hifadhi faili hilo kabla hujagusa kitu. Mimi nilivuruga mambo mara mbili, na mara zote nilirudi mwanzo kwa kuandika 8 kwenye CV 8. Kwenye dikoda hii hiyo inafuta marekebisho yako yote na kurudisha yale ya mwanzo, pamoja na anwani 3.

Ukubwa wa sauti yote uko kwenye CV 63. Yangu ilikuwa 180. Niliishusha hadi 120, nikakaa nayo wiki moja, nikaishusha hadi 90, sasa iko 65. Kila niliposhusha nilisikia vitu vipya: kompresa ikijaza upepo, feni, breki zikiachia. Kabla ya hapo vyote vilikuwa vimezama ndani ya makelele. Kichwa kikiwa moja kwa 87, lazima ukisikie kana kwamba uko mbali nacho, kama mtu aliyesimama barabarani akisikiliza treni ng'ambo ya bonde. Kisha kila sauti ina kijisanduku chake. Unaweka 16 kwenye CV 31 na 1 kwenye CV 32, ndipo mlango unafunguka: kwenye faili langu la sauti CV 259 ni injini, 275 ni honi, 283 ni kengele. Honi niliishusha kwa nusu. Kengele nimeizima kabisa, kwa sababu ni desturi ya Marekani na utotoni mwangu wote Iyunga sikuwahi kusikia kichwa kikipiga kengele. Msimu wa mvua nitapandisha CV 63 kidogo, maana chumba changu ni cha bati bila dari.

Nikaona nimemaliza. Jumapili moja nikamwita baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Njoo umsikie rafiki yako wa zamani."

"Marahaba. Kiwashe basi."

Alikaa, akafumba macho, nikakizungusha mara tatu. Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Sauti ni yenyewe. Lakini mwanangu, hiki hakina mzigo."

Nilimwambia nyuma kuna mabehewa sita. Akatikisa kichwa. Akanieleza kama mtu anayefundisha utingo mpya. Ukiwa na mzigo unafungua nochi, yaani hatua za kuongezea injini nguvu, na injini inapanda kwanza. Kichwa bado kimesimama. Viungio vinavutika kimoja baada ya kingine, ndipo magurudumu yanaanza, polepole kabisa, na injini inalia kupita mwendo unaouona. Ukija huku kutoka upande wa Dar es Salaam, kabla ya Mbeya unapanda hivyo hadi Uyole, mahali pa juu kuliko pote kwenye reli ile, mita 1,789 na ushee. Ukivuka Uyole unarudisha nochi, injini inashuka karibu na kulala, na treni inajiendea yenyewe kwa uzito wake kuja Mbeya. "Chako sauti na mwendo vinaanza pamoja na kuisha pamoja," alisema, "kama pikipiki."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimeshinda miezi nikichezea ukubwa wa sauti, kumbe kilichokosekana ni wakati. Kesho yake nilianza upya. CV 3 niliipandisha kumi kumi, mpaka kichwa kikawa kinachukua karibu nusu dakika kufika mwendo wake. CV 4 niliiweka juu zaidi ya hiyo, ili nikifunga kiendelee kuteleza. CV 5 niliikata sana. Kiwandani kilipangwa kikimbie kama gari la mashindano, nami nilitaka kilomita 60 kwa saa, ambayo kwa moja kwa 87 ni sentimita 19 kwa sekunde. Pima mita moja ya reli, shika saa; kikitumia sekunde 5 na kidogo kuimaliza, uko sawa. Kwa mwendo wa chini kabisa kilikuwa kinastukastuka, na hilo lilitibiwa kwa kuandika 0 kwenye CV 54 na kubonyeza kitufe cha F1. Kichwa kinaruka mbele kwa kasi, dikoda inaipima mota na kujipanga. Kifanyie hivyo kwenye reli ndefu iliyonyooka, la sivyo kitadondoka mezani.

Halafu kuna kitufe ambacho sikukijali mwanzo, kwenye faili langu la sauti ni F9. Ukikibonyeza, mwendo unajifunga pale ulipo, na kitelezi cha simu kinabaki kuongoza injini tu. Nikifika mahali pa kupanda nabonyeza F9 na kufungua, injini inanguruma huku treni ikienda mwendo uleule. Nikivuka kilele narudisha, injini inatulia, mabehewa yanateleza. Nilimwita tena baba mdogo. Safari hii alisimama dirishani akinipa mgongo, nami sikumwambia lolote. Nilipofika kwenye mteremko akasema bila kugeuka, "Hapo. Hapo umepita Uyole." Kwa kitufe hicho peke yake ningeilipia dikoda hii mara ya pili.

Yapo ambayo hakuna CV itakayoyatibu. Reli zangu za HO zina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, upana wa SGR mpya ya Dar na Dodoma. TAZARA ni 1,067. Wapo wenzetu wa Afrika Kusini wanaotumia ujanja mzuri: wanajenga treni za moja kwa 64 juu ya reli hizihizi za 16.5, na hesabu inakaribia 1,067 kabisa. Nimeanza kukata behewa la kwanza la moja kwa 64 kwa kadibodi, na likikubali nitahamia huko polepole.

Jingine ni honi. Ni ya Kimarekani, ina sauti tano zinazopigwa pamoja, tamu sana, lakini siyo ile iliyokuwa ikituita kutoka mtoni. Kwa CV unaweza kuipunguza au kuizima, huwezi kuibadilisha. Ili kuingiza sauti yako mwenyewe unahitaji kifaa cha ESU kiitwacho LokProgrammer, na ndicho ninachokidundulizia sasa. Wakati huo huo narekodi. Nimejaribu mara nne kwa simu, karibu na makutano ya barabara, na mara tatu upepo uliingia kwenye maikrofoni ukala kila kitu. Mara ya nne niliivalisha simu soksi ya sufu, nikasimama nyuma ya ukuta wa matofali, treni ya mizigo ikapita saa 12 na nusu asubuhi kukiwa na ukungu, kabla pikipiki hazijaanza. Honi moja ndefu, sekunde 4, safi kabisa. Nahitaji nyingine mbili fupi.