Kompyuta ya gemu iliyokuwa ikinizimikia katikati ya mechi: miezi minne nayo

Niliinunua ikiwa imeshaunganishwa kila kitu kwa sababu sikutaka kuhangaika na bisibisi. Nimeishia kuhangaika na bisibisi.

Wiki mbili za kwanza, raha tupu. Kisha nikapakua gemu moja nzito ya mbio za magari. Nacheza dakika 20 hivi, mara skrini giza, feni kimya, taa za keisi zimezima zote. Sekunde chache baadaye inajiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Ila kuandika kazi au kutazama video kutwa nzima, haina neno.

Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows nilikuta Kernel-Power 41 zimejipanga mstari. Nikadhani nimemkamata mchawi. Kumbe ujumbe ule unasema tu kwamba mashine imezimika bila kufungwa kwa utaratibu, aliyeizima haumtaji.

Huduma kwa wateja wakaniambia nipige Windows upya. Nikapiga. Jumapili yote ikaishia kwenye kurudisha mafaili, na jioni ikazima dakika ya 18. Nilipowaandikia tena, wakaniuliza kama nimejaribu kupiga Windows upya.

Basi nikapima mwenyewe. HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, ilionyesha kadi ya picha nyuzi 71 na prosesa 78 muda mfupi kabla ya kuzima, joto ambalo haliui mashine. MemTest86, programu ya kupima ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ikakesha usiku kucha, kosa hata moja halikuonekana. Nikazima XMP, mpangilio unaoongeza kasi ya ramu, ili irudi kwenye kasi yake ya kawaida, nikafuta draiva ya kadi (programu inayoiendesha) na kuiweka upya. Bado.

Kilichonishtua ni namna ilivyokuwa inakufa. Draiva au ramu ikiwa na kasoro, mara nyingi utaona dalili: skrini ya bluu, gemu kujifunga, sauti kukwama na kukoroma. Hii yangu ilikatika kama mtu kachomoa waya ukutani. Nikaweka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, nikashusha nguvu ya kadi hadi asilimia 70, nikacheza saa tatu. Haikuzima. Nikarudisha 100: nusu saa haikufika.

Nikafungua ubavu wa keisi. Kadi ina matundu mawili ya pini 8, kila moja hadi wati 150, na yote mawili yalilishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Pawasaplai yenyewe, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni wati 550. Ukijumlisha matumizi ya kawaida, inatosha. Lakini kadi hailambi umeme kwa usawa. Kuna milisekunde inaruka juu sana kupita kiwango chake, na pawasaplai ikiuona mruko huo inajikinga kwa kujizima.

Waya wa pili ulikuwemo ndani ya boksi, bado umefungwa na mpira wake. Nilipouchomeka, ikawa inazima mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Nafuu, si kupona. Nikanunua pawasaplai ya wati 750. Na hapa nusura niharibu: nilitaka kuacha nyaya za zamani zilivyo, maana nilishazibana vizuri na zilikuwa zinaingia bila shida. Nyaya hizo haziazimani. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya modeli za kampuni moja, na ukikosea unaweza kuunguza diski. Nikazitoa zote, nikatukana kidogo, nikaanza upya.

Wiki ya sita sasa, haijazima hata mara moja, nguvu ya kadi ikiwa asilimia 100. Naipa nyota 3. Prosesa, kadi na feni zisizo na kelele zinastahili 5, lakini anayeweka kadi ya hivi kwenye pawasaplai ile, kisha akaacha waya wa pili kwenye boksi, alijua anachobania.

Juzi huduma kwa wateja wamenitumia ujumbe kuuliza kama tatizo langu limetatuliwa. Limetatuliwa, ndiyo.