Injini ilianza kutetemeka baada ya sevisi, wakaniuzia injekta nne

Injekta zangu, vile vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini, ziko wapi? Nimeliuliza swali hili pale kaunta mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa zimetupwa, mara ya pili ziko stoo, na mara ya tatu yule kijana mwenye shati jeupe hata hakuinua macho kutoka kwenye simu. Gereji sitaitaja. Iko Kisumu, ina geti zuri na viti vya kungojea, na chai wanakupa.

Mimi huleta viazi. Alfajiri natoka Kisumu na pikapu yangu ya dizeli, napita Ahero, Awasi, Kericho, nafika Molo, napakia, narudi kushusha soko la Kibuye. Pikapu nilinunua mtumba kutoka Japani, na kwa miaka miwili haikunisumbua hata siku moja. Nilipeleka sevisi ya kawaida wakati mvua zinaanza: oili, filta ya oili, filta ya dizeli, basi. Kesho yake asubuhi ikawaka kwa shida. Ilizunguka, ikazunguka, ikashika, kisha ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu. Moshi mweupe ukajaa uani. Baada ya dakika chache ikatulia, nikaondoka. Kufika mlima wa Kapsoit, nakanyaga mafuta, gari linavuta, linaacha, linavuta, linaacha, kama mtu anayekunywa maji huku anakohoa. Na sikuwa na mzigo, magunia matupu tu nyuma.

Nikarudi kwao. Nilieleza vizuri kabisa: ilianza baada ya sevisi, asubuhi ni mbaya zaidi, na mlimani inakata. Yule kijana akanijibu, "Madam, hizi gari za mitumba ndivyo zilivyo. Wewe endesha tu, injini tuachie sisi." Sikuulizwa hata swali moja. Mimi ndiye hulala na kuamka na gari hilo, najua sauti yake kuliko sauti ya majirani zangu, lakini naambiwa niendeshe tu!

Wakachomeka kompyuta. Ikatoa namba ya hitilafu P0087, yaani presha ya dizeli kwenye reli, lile bomba linalogawia injekta dizeli, iko chini. Dakika tano baadaye nikaletewa karatasi: injekta nne, shilingi 72,000, kazi mbali. Na si mpya, ni za mtumba. Nilikopa kwenye chama. Nikalipa.

Gari likarudi likiwa baya zaidi. Sasa hata likipata moto halitulii, likisimama linaunguruma huku linacheza, tiki-tiki-tiki, na usukani unanitetemesha mpaka viwiko. Waliniambia eti injekta zinahitaji kuzoea.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa jua kali, Ahero, chini ya mti, hana geti wala kiti cha mgeni. Siku hiyo gari lilikuwa limenizimikia kando ya barabara. Hakufungua boneti kwanza. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, akauliza: "Asubuhi inawaka haraka au inazunguka sana? Ukiiacha saa moja tu halafu uwashe, inasumbua? Filta ilibadilishwa lini?" Nilipojibu hilo la mwisho alitikisa kichwa. Akaenda moja kwa moja kwenye ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta ya dizeli, akaibonyeza. Ilibaki laini, haikukaza. Akasema kuna hewa inaingia.

Nikamwambia mbona hakuna tone la dizeli chini. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wale wa shati jeupe hawakunifundisha kwa 72,000. Upande ule wa kutoka tangi hadi pampu kubwa, dizeli hunyonywa, haisukumwi. Palipo na ufa, injini ikizunguka hewa inavutwa ndani, na nje panabaki pakavu kabisa. Gari likilala, dizeli inarudi tangini taratibu, ndiyo maana asubuhi ni mateso. Mlimani injini inataka mafuta mengi, mnyonyo unaongezeka, hewa nayo inaongezeka, presha inaanguka. Akatoa bomba la dizeli, akaweka kipande kinachopitisha mwanga kati ya filta na pampu, akaniambia niwashe. Nikaona mapovu kwa macho yangu yakipita msururu mzima kama soda.

Akafungua filta. Oringi, ule mpira wa duara unaoziba filta, ilikuwa ya zamani, imelala bapa na ina mkato. Filta mpya huja na oringi yake kwenye boksi! Waliweka filta mpya wakarudisha mpira wa kale. Oringi ya shilingi 150. Nilikaa chini kwenye nyasi, sioni haya kusema nililia.

Akaweka oringi mpya, na Kapsoit nikapanda siku hiyo bila kukatakata. Ila ule mtetemo wa kusimama ulibaki, kwa hiyo nilirudi kwa mzee. Akafunga mirija myembamba kwenye njia za kurudisha dizeli za kila injekta, akatia kila mmoja kwenye chupa yake, injini ikaachwa iungurume. Chupa ya tatu ikajaa wakati zingine ziko chini ya nusu. Injekta ya tatu inamwaga, na ni moja ya zile walizoniuzia. Kisha akaniuliza kama waliingiza namba za injekta kwenye kompyuta ya gari, kwa sababu kila moja ina namba zake na injini inazitumia kupima dizeli ya kila silinda. Nilipowauliza wale wa gereji, hawakujua nazungumzia nini. Nilienda kuingiziwa namba Nakuru, kwa watu wengine, na mtetemo ukapungua nusu.

Kwa hiyo wale wanaosema kompyuta ni uongo, mimi siko upande wao. Kompyuta ilisema kweli, presha ilikuwa chini. Aliyeisoma ndiye hakuuliza kwa nini.

Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili. Dada wa mapokezi ni mtu mwema, alinipigia simu kwa muda aliosema, na breki walizonifungia mwaka jana bado ziko sawa. Kwa breki labda ningewapelekea mtu. Hapana. Naandika haya na mkono unatetemeka. Mtu aliyeharibu filta yangu, akaniuzia dawa ya ugonjwa alioniletea yeye mwenyewe, akaniita madam huku akitazama simu, simpelekei hata baiskeli. Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi.

Nimerudi wiki hii kudai injekta zangu nne za kwanza, kwa sababu mzee anaamini hazikuwa na shida yoyote na ningezirudisha kesho. Ziliniletea viazi miaka miwili. Kijana akasema meneja hayupo. Nikakaa kwenye kile kiti chao kizuri tangu saa nne mpaka saa tisa. Chai nilikataa.