Ukumbi mzuri wenye bango la uongo

Nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi huku Ibanda, mjini Bukavu, kwa sababu uko karibu na nyumbani, wala si kwa sababu ya bango lililotundikwa mlangoni. Linamwonyesha dada mwembamba, ameshika vyuma vidogo vya rangi ya waridi, hana hata tone la jasho, na chini yake imeandikwa kwa Kifaransa ahadi ya tumbo bapa kwa siku 30. Siku ya tatu nililisogelea, nikaona kwamba nondo za dirisha lililo nyuma yake zimepinda pale zinapokaribia kiuno: aliyekipunguza kiuno kwa kompyuta alisahau kulinyoosha dirisha. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya biashara ya mwanamitindo ambaye umbo lake limepunguzwa au kunenepeshwa kwa namna hiyo ni lazima ieleze kwamba imerekebishwa. Huku kwetu Kifaransa cha mabango kimefika, maelezo hayo bado.

Ndani ndiko nilikolipia dola zangu 25, na ndani sikujuta. Kocha alinieleza waziwazi kwamba mazoezi ya tumbo hukaza misuli iliyo chini ya mafuta, lakini hayachagui mafuta yapungue wapi; kisha akanipa chuma cha kilo 20, ambacho matangazo humshikisha mwanamume. Mama mmoja wa makamo, mwuzaji wa mihogo sokoni Kadutu, alikiinua mara 12 mfululizo, kitenge kikiwa kimefungwa juu ya suruali, jasho likimchuruzika hadi viwikoni.

Mashine za kukimbilia ni mbili tu, na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo hauna kitasa.

Jirani yangu, tuliyeanza naye, aliacha siku ya thelathini na moja kwa kuwa tumbo lilikuwa palepale, ilhali alikwisha kuanza kupanda kilima cha kwao bila kusimama kuhema. Nilipomweleza mwenye ukumbi, alijibu, “Dada, picha ilitoka kwa mchapishaji, naye aliitoa kwenye intaneti.” Nilimwomba ampige picha yule mama wa Kadutu. Alicheka, akaniandikia risiti ya mwezi wa pili. Anayetaka kujaribu aende alfajiri, kabla ya foleni ya mashine, na abebe taulo lake.