Kamba za mita 20 za kupitia kwenye loki, nimezitumia msimu mzima na haya ndo maoni yangu

Nilichukua kamba mbili za polyesta, unene milimita 14, urefu mita 20 kila moja, zina kitanzi upande mmoja. Nazipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyobania ntaieleza.

Kwa ambao hamjawahi kupita, loki ni kile chumba cha maji chenye geti mbele na nyuma, boti inaingia, geti linafungwa, maji yanajazwa au yanatolewa mpaka mnalingana na upande wa pili. Ndo hivyo Panama wanapandisha meli kama mita 26 (Suez watu huwa wanachanganya, kule hakuna loki hata moja). Sasa humo ndani boti haitulii, hasa mkiwa mnapanda, maji yanaingia kwa nguvu yanaivuta mbele halafu yanairudisha nyuma, na cha kuizuia ni kamba na mikono yenu tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza naangalia ni urefu. Kamba zangu za zamani zilikuwa mita 8. Kamba inatoka kwenye boti inapanda hadi nguzo ya juu ukutani, inaizunguka, inarudi mkononi kwako, sasa kama mnashuka mita 4 hesabu yenyewe unaiona, imeisha yote. Mwenzangu alipoona inaisha akaipiga fundo kwenye boti. Maji yakaendelea kushuka, kamba ikakaza kama chuma, boti ikaanza kuning'inia ubavu mmoja na vitu ndani vinaporomoka, tukapiga kelele wafunge maji haraka, na fundo likishabeba uzito wa boti vidole haviliwezi kabisa, nikalikata kwa kisu. Toka siku hiyo kisu hakitoki kiunoni.

Na hizi mita 20 hakuna tena sababu ya kufunga fundo. Unazungusha kwenye nguzo, unashika ncha, unaachia taratibu maji yanavyoshuka au unavuta yanavyopanda. Ila jamani msiizungushe kwenye kiganja, ikivutwa ghafla inaondoka na vidole! Huo unene wa milimita 14 nao nimeuelewa, nyembamba ingeweza kuibeba boti vizuri tu lakini inakukata mikono.

Jambo lingine, haivutiki sana. Nailoni inarefuka, kwenye nanga ni nzuri, ila kwenye loki kurefuka maana yake boti inarudi nyuma, na nyuma wakati wa kushuka ndo kwenye hatari. Chini ya geti la juu, yaani la upande maji yalipo juu, kuna kizingiti cha mawe au zege ambacho loki ikijaa hukioni. Shetri (nyuma ya boti) ikikaa juu yake, omo (mbele) inaendelea kushuka na maji, boti inainama, inajaa maji, na ni ndani ya muda mfupi mno. Loki nyingi zina alama ukutani ya kuonyesha kizingiti kinaishia wapi, sisi mtu mmoja kazi yake ni kuangalia alama ile tu, hashiki kitu kingine na haulizwi kitu kingine, na kamba isiyovutika inamsaidia sana kuiweka boti mbele ya mstari.

Sasa ile nyota niliyobania. Inazama. Ikikuponyoka majini inakimbilia kwenye rafadha (pangaboi la injini linalosukuma boti), wakati zile za polipropilini zinaelea unaziokota tu. Mimi naikunja mkononi muda wote na gia inakaa nyutro mpaka geti lifunguke, lakini mgeni asiyezoea hilo linaweza kumpata. Pia tope la ukutani linaifanya kuwa ngumu, isuuze na maji safi mara kwa mara italainika.

Na kama unaenda na boti ndogo Panama usizihesabu kabisa hizi, kule wanataka kamba nne za mita 38 hivi, unene milimita 22, na watu wanne wa kuzishika mbali na nahodha.

Kwa loki za kawaida za mito na mifereji mi nanunua tena, ya tatu ya akiba nishaagiza.