Mifuko ya uyoga mamama: niliinunua Februari, nikainunua tena Juni

Mifuko 20 ya kuoteshea uyoga wa mamama (oyster) niliyoletewa mwezi Februari ilikuwa mizuri kwa macho. Kila mmoja ulikuwa na uzito wa karibu kilo mbili na nusu, umeshindiliwa maranda ya mbao yaliyochanganywa na pumba na chokaa kidogo, mdomo umefungwa kwa kipande cha bomba la plastiki na pamba, na mbegu zilizooteshwa kwenye punje za mtama zilikuwa zimekwisha kuanza kutoa utando mweupe. Nililipa shilingi 3,500 kwa mfuko, mzigo ukafika Tabata, Dar es Salaam, kwa bajaji siku ileile niliyoagiza, na kwa upande huo sina lalamiko lolote. Maelekezo ya muuzaji yalikuwa mafupi: niweke mifuko gizani, nisiiguse kwa wiki tatu, kisha niitoboe na kuanza kunyunyizia maji. Nilipomuuliza kuhusu joto alinijibu kwamba mamama huota popote.

Niliiweka stoo, chumba cha matofali ya saruji chenye bati lisilo na dari, nikaibananisha ukutani kama magunia ya mahindi ili nafasi ibaki ya vitu vingine. Siku ya tisa nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya uchachu, na siku ya kumi na mbili mifuko saba ilikuwa na madoa ya kijani kibichi yaliyoanzia katikati ya rundo na kuenea nje. Ndipo nilipokumbuka kutafuta kipimajoto. Saa nane mchana chumba kilikuwa na nyuzi 32, lakini nilipokichomeka kati ya mifuko miwili iliyogusana kilipanda taratibu hadi 37. Utando wa uyoga unapoyala maranda hutoa joto lake wenyewe, kama samadi mbichi inavyofuka asubuhi, na mifuko iliyobanana haina pa kulitolea joto hilo. Mamama hutanda vizuri panapokuwa na nyuzi 24 hadi 28. Joto likishapita 35 hudhoofika, na ukungu wa kijani hungoja tu mwenye nyumba adhoofike ndipo uhamie.

Niliitoa ile saba nje na kuitenganisha iliyobaki. Kisha nikatundika magunia ya katani yaliyoloweshwa dirishani, kwa kuwa shemeji yangu aliyeko Dodoma hufanya hivyo na kupata nafuu kubwa. Kwangu kipimajoto hakikushuka hata nyuzi mbili. Baadaye nilielewa sababu: gunia bichi hupoza kwa maji yake kugeuka mvuke, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa joto imekwisha kushiba unyevu, hivyo maji hayaondoki kwa kasi ya kutosha. Dodoma hewa ni kavu, gunia hufanya kazi, ila huko taabu huhamia kwingine, kwa sababu vichwa vidogo vya uyoga hukauka vikiwa bado saizi ya punje ya mchele. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa mkoa mwingine unafaa kusikilizwa pamoja na hali ya hewa ya kwake. Mifuko 13 iliyonusurika ilinipa uyoga usiofika kilo mbili kwa jumla, mwembamba na wenye rangi ya kufifia.

Mwezi Juni nilinunua tena mifuko 20 kwa muuzaji yuleyule, kwa makusudi kabisa, nijue kama kosa lilikuwa la mbegu au la stoo yangu. Wakati huo usiku ulishuka hadi karibu nyuzi 20 na mchana haukupita 29. Nilitengeneza kichanja cha mbao, nikaipanga mifuko safu moja, nafasi ya vidole vinne kati ya mmoja na mwingine, nikafunga maboksi yaliyokunjuliwa chini ya bati yawe kama dari, na nikamwaga mchanga sakafuni niwe naulowesha asubuhi na jioni. Safari hii kipimajoto kati ya mifuko hakikuzidi 28. Mifuko 19 ilikuwa myeupe pande zote ndani ya siku 24. Mmoja tu uliharibika, na huo pamba yake ilikuwa imelegea tangu mwanzo.

Nilikosea tena, ila kwa namna nyingine. Kwa kuogopa unyevunyevu usitoroke, maana uyoga unapochomoza huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 85 au zaidi, niliuziba mlango na dirisha, na uyoga wa kwanza ukatoka na mashina marefu yenye vikofia vidogo kama vifungo vya shati. Hiyo ni dalili ya hewaukaa nyingi: uyoga nao hupumua, na chumba kilichozibwa huwa kama chumba cha watu waliolala wengi. Nilifungua dirisha nikaliwamba chandarua kuzuia vijinzi, na mkupuo uliofuata wa mavuno ulikuwa na vikofia vipana kama kiganja. Mkupuo wa kwanza ulinipa wastani wa gramu 300 kwa mfuko, wa pili kama 200, na wa tatu ulikuwa wa kitoweo cha siku moja tu.

Kwa hiyo mbegu za muuzaji huyu ni nzuri na nitaendelea kuzinunua. Ninachomlaumu ni kutoandika kwenye mfuko tarehe ya kupandikiza wala aina ya mamama iliyomo. Mamama si mmoja: upo wa baridi ambao hautoi vichwa vya maana mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 20 hivi, upo unaovumilia joto zaidi, na upo wa rangi ya waridi, ambao wataalamu huuita Pleurotus djamor, unaoweza kuzaa hata kwenye nyuzi 30 na unaochukia baridi. Nilipomuuliza wangu ni upi alisema ni “wa kawaida”. Mteja wa pwani anayenunua Februari angepaswa kuuziwa huo wa waridi, au aambiwe asubiri. (Jirani aliniuliza kuhusu ule mweupe wa vifungo unaouzwa madukani kwenye trei, huo hutaka nyuzi kama 16 wakati wa kuzaa, na kwa Tabata maana yake ni kiyoyozi mchana na usiku.)

Muuzaji ameniahidi mifuko kumi ya waridi akipata mbegu. Leo, katikati ya Novemba, saa nane mchana, kipimajoto cha stoo kinasoma 31 licha ya maboksi ya darini, na mifuko ya ule “wa kawaida” sijaiagiza.